PB ya Kilimanjaro magunia kumi? Mkuu, funga pochi kwanza

Mleta mada, usitume hiyo advansi. Unasema dalali wa Moshi amekuahidi magunia kumi ya PB, yaani peaberry, kahawa ya punje za mviringo, "kutoka shamba la shangazi yake Marangu", imeshakaangwa na kufungwa, uuze duka la zawadi hapo Arusha. Unauliza bei, mifuko na vibali. Bei ya nini, na kahawa yenyewe haipo?

PB haitengwi shambani, sikiliza. Tunda la kawaida la mbuni, mti wa kahawa, lina punje mbili zilizobanana, ndiyo maana kila moja ina ubavu bapa. Moja ikigoma kukua, mwenzake anajaza nafasi yote na kuwa mviringo. Hiyo ndiyo PB. Mkulima wa kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga, hupeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika ikiwa bado na ganda. PB hutengwa kiwandani baada ya kukobolewa, kwa machujio, pale pale yanapotengwa madaraja ya ukubwa: AA, A na B. Na kwa kawaida ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya mavuno. Magunia yako kumi ya kilo 60 yanataka si chini ya tani 6 za kahawa safi, na mbuni mmoja wa kihamba mara nyingi haufikishi nusu kilo kwa mwaka. Hiyo ni mibuni 12,000 kwenda juu. Shangazi ana kihamba au ana kata nzima?

Mimi nilipigwa na mtu wa sampuli hiyo hiyo. Mfupi, kofia ya sufi, anamtaja Mungu kila akimeza mate. Alininunulia hadi mtori! Akanitolea kichupa cha punje za mviringo tupu, zinang'aa, tukachemsha, tukanywa, tamu kweli. Mzigo ukaja kwenye pakiti zilizobanwa vizuri, picha ya mlima mbele. Nani achane pakiti nzuri namna ile? Nikalipa yote, nikapeleka loji moja ya watalii.

Huko akatokea mgeni Mjapani. Akachana pakiti, akamimina kwenye kisosa, akaanza kusogeza punje na kijiko cha chai, taratibu, bila neno. Bapa upande huu, rundo. Mviringo upande ule, chache. Kisha akazigeuza zile chache: ufa wa katikati umenyooka kama rula. Arabika, ndiyo aina ya Kilimanjaro, ufa wake hupinda kama herufi S. Ulionyooka ni wa robusta, aina nyingine kabisa. Kwa hiyo hata zile za mviringo zilikuwa robusta! Meneja akarudisha mzigo wote, oda ikafa. Tukainywa wenyewe nyumbani mpaka majirani wakaacha kupita. Hadi leo mke wangu akiweka kikombe mezani anasema, "PB hiyo, baba."

Kwa hiyo nunua MBICHI. Baada ya kukobolewa na kupangwa madaraja, kabla ya moto. Gunia chagua mwenyewe, lile la chini kabisa, mwaga punje kwenye sinia, geuza moja moja. Ikishakaangwa hadi nyeusi, ladha ya mlima imeondoka, umebaki uchungu wa moto tu, na hapo ndipo matapeli wanapojificha. Ukitaka kukaanga, kakaangishe mwenyewe ukiwa umesimama pale.

Halafu PB ni umbo, si mahali. Mbinga kule Ruvuma wanayo, Mbozi kule Songwe wanayo, na ni kahawa nzuri, ila si ya Kilimanjaro. Wajapani wenyewe huita "Kilimanjaro" hata arabika ya kuoshwa ya mikoa mingine ya Tanzania, ya Bukoba tu ndiyo hawaiingizi. Basi jina kwenye pakiti lisikubabaishe. Taka karatasi yenye namba ya loti na chama ilikotoka.

Mifuko na vibali wapo wajuzi humu watakusaidia. Wewe sasa hivi mpigie huyo dalali, muulize kiwanda gani kilikoboa na msimu gani. Akirudi kwenye habari za shangazi, kata simu.