Kabla ya kanuni za marejeo, wafundishe kuuliza: alijuaje?

Walimu wengi tunaanza somo la marejeo kwa kanuni: jina la ukoo kwanza, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlalo. Mwanafunzi anazikariri na kuleta orodha safi kabisa, lakini ukimuuliza kitabu cha tatu kwenye orodha hiyo kinasema nini, anabaki kimya. Hajawahi kukiona. Jina lake amelitoa kwenye pamfleti, na aliyetunga pamfleti naye alilitoa kwa mwingine. Ninafundisha historia kidato cha tano na sita hapa Kigoma, na nawashauri walimu wenzangu tuziweke kanuni hizo pembeni wiki za mwanzo. Mwanafunzi ajifunze kwanza kuifuata habari mpaka kwa mtu wa kwanza aliyeisema, kisha aulize mtu huyo alijuaje.

Sisi wa huku tuna bahati, maana mfano mzuri kuliko yote upo Ujiji. Kila mwanafunzi anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871 na kumwambia, "Daktari Livingstone, kama sikosei?" Nawapa swali moja tu: maneno hayo yaliandikwa na nani, wapi? Wanakimbilia simu. Wanarudi na tovuti kadhaa zinazosema jambo lile lile, wakiamini wamepata mashahidi wengi. "Mwalimu, kila mahali wameandika hivyo!" Nawaambia waziandike sentensi za tovuti hizo moja chini ya nyingine, halafu wazisome kwa sauti. Wanagundua wenyewe kuwa ni shahidi mmoja aliyenakiliwa mara nyingi.

Ndipo tunakwenda kwa wenyewe. Kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 na shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Napakua kurasa zinazohusika, nazichapa na kuzigawa, kwa sababu bando la wanafunzi halitoshi na simu za kuazimana zinavuruga kipindi. Stanley anayaandika maneno yale. Livingstone, akisimulia mkutano huo huo, hayataji. Anachokieleza yeye ni jinsi Susi, mtumishi wake, alivyokuja mbio akihema, akisema amemwona Mwingereza. Tarehe nazo hazilingani. Stanley anasema 10 Novemba, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao cha kumbukumbu pale Ujiji, ilhali shajara ya Livingstone inaliweka tukio siku za mwisho za Oktoba. Juu ya hayo, Tim Jeal, aliyeandika wasifu wa Stanley mwaka 2007 baada ya kupitia nyaraka zake, anaeleza kwamba kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zimechanwa, na anatilia shaka kama salamu ile ilitamkwa kweli.

Hapo darasa huchangamka kweli kweli. Wako wanaomtetea Stanley: alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, kuandika anachosikia ndiyo kazi yake. Wenzao wanajibu kuwa mwandishi wa gazeti ndiye hasa mwenye sababu ya kupamba. Siwaamulii. Ninachotaka mwisho wa kipindi ni sentensi moja ya uaminifu katika kila daftari: "Stanley (1872) anasema alimsalimu Livingstone kwa maneno haya." Aliyeandika hivyo amekwisha kuelewa kwa nini tunataja chanzo: anamwachia msomaji njia ya kwenda kuhakiki mwenyewe. Mabano na nukta atavijifunza kwa siku moja.

Takwimu hazihitaji muda mrefu. Mwanafunzi akiniletea kwamba Mkoa wa Kigoma una watu 2,127,930, namuuliza ni wa mwaka gani. Hiyo ni sensa ya 2012. Ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967. Namba zote mbili ni sahihi kwa mwaka wake, na zote zimo kwenye ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Namba isiyo na mwaka wala aliyehesabu siipokei.

Wikipedia siikatazi. Nawataka washuke mpaka kwenye tanbihi chini ya ukurasa, wakafungue kile kilichotajwa kule.

Jambo ninaloliona linapuuzwa sana ni vyanzo vya mdomo. Mwanafunzi ana babu aliyesafiri na meli ya Liemba, au jirani aliyevua dagaa Kibirizi maisha yake yote, lakini anaona aibu kumtaja kwa kuwa si kitabu. Atajwe! Aandike jina, akishapewa ridhaa, mahali na tarehe ya mazungumzo, tena atenganishe alichokiona mzee na alichosimuliwa. Mzee anayeeleza safari zake ndani ya Liemba ni shahidi. Akieleza jinsi Wajerumani walivyoizamisha mwaka 1916, kabla haijarudi kazini mwaka 1927, hapo anapokeza aliyoyasikia, na mwanafunzi aseme hivyo bila kumvunjia heshima. Mitindo ya marejeo inatofautiana: ule wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, hutaja mazungumzo ya namna hii ndani ya maandishi tu, bila kuyaweka kwenye orodha, ilhali wanahistoria wengi huyaorodhesha. Shule ichague mtindo mmoja na walimu wote waushike, maana wanafunzi huchanganyikiwa mwalimu wa jiografia anapokata alama kwa kitu ambacho wa historia amekisifu.

Sasa kuna programu za akili mnemba, na hapa lazima tuwe wakali. Zinaweza kumtungia mwanafunzi rejeo lenye mwandishi wa kweli na jarida la kweli, lakini makala yenyewe haipo duniani. Nawafundisha kuchukua kichwa cha makala na kukitafuta Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, kisha kufungua ukurasa wa jarida lenyewe. Kisipopatikana, kinafutwa. Na kama mwanafunzi amemsoma Stanley ndani ya kitabu cha kiada tu, anataja kitabu cha kiada na kueleza kuwa Stanley amenukuliwa humo. Kujifanya umesoma usichokisoma ni kumdanganya anayekuamini, na nawaambia hivyo bila kuzunguka.

Kwenye daftari, chanzo kiandikwe kabla ya nukuu: mwandishi, mwaka, ukurasa, na kwa tovuti, siku iliyofunguliwa. Maneno yaliyochukuliwa kama yalivyo yafungwe kwa alama za mtajo hapo hapo, siyo usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, wakati hakumbuki tena lipi lake na lipi la mwenzake.

Sehemu ya alama za kazi naitoa mezani kwangu. Nachagua mimi rejeo moja kwenye orodha ya mwanafunzi, naye ananionyesha mstari alioutumia, uwe kwenye kitabu cha maktaba, nakala ya kuchapa au simu. Aliyetumia chanzo cha mdomo anakuja na daftari la mahojiano. Mara nyingi hao ndio wanaojieleza vizuri zaidi, kwa sababu walikaa na mtu wakamuuliza, "Babu, hayo uliyaona mwenyewe?"