Tunacholipia Zaidi ni Tarehe

Wahariri, swali lenu la wiki hii linauliza familia ifanye nini ili zawadi, matembezi na sikukuu visiishie kwenye madeni, na papo hapo watoto wasijione wamenyimwa wala ndugu wasijione wamedharauliwa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Rombo, Kilimanjaro, makazi yangu Tabata, Dar es Salaam. Nyumbani kwetu Idi ina wenyewe na Krismasi ina wenyewe, na wote wanataka pilau. Gharama za sikukuu nazijua kwa pande zote mbili.

Kwa maoni yangu, kinachotumaliza ni tarehe. Gauni la mtoto linaloning'inia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mwezi wa Mei ndilo hilohilo litakaloning'inia tarehe 22 Desemba, ila Desemba utalinunua umebanwa mbavu, mtoto analia, na muuzaji anakutajia bei bila hata kukutazama kwa kuwa anajua huna pa kwenda. Kiti cha basi nacho ni kilekile. Kuku ni yuleyule. Kwa hiyo mimi huanza kwa kujiuliza: hiki kina ulazima wa kufanyika siku hiyohiyo? Kama hakina, nakisogeza. Kama kina, natafuta wa kuchangia naye.

Nianze na safari ya nyumbani, maana ndiyo inayokula fedha kuliko vyote. Wachaga, watu wa Kilimanjaro, mnawajua: Krismasi lazima kwao. Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, hapapitiki. Kila mwaka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inatoa vibali vya muda kwa mabasi ya njia nyingine yasaidie njia ya kaskazini, na inaonya kuhusu kuzidisha nauli. Lakini ukienda umechelewa, utakutana na kijana mwenye tiketi mfukoni, atakuvuta pembeni na kukutajia bei yake. Zidisha kwa watu watano, kwenda na kurudi, ongeza mizigo na chakula cha njiani, hapo umetaja ada ya muhula.

Tulikaa na mama mkwe tukamweleza hali halisi. Makubaliano yakawa hivi: Krismasi moja tunakwenda, inayofuata hatuendi, tunakwenda Juni shule zikifungwa. Nilitegemea atanuna. Akauliza jambo moja tu: "Na huo mwaka msiokuja, mbuzi wangu atakuja?" Tukamwambia atakuja.

Juni kule mlimani ni baridi, ukungu unashuka hadi mlangoni na watoto wanalala na masweta. Lakini mabasi yana nafasi, nauli ni ya kawaida, na bibi anawapata wajukuu wake kwa nafasi. Desemba wajukuu wanampita wakikimbilia kwa akina shangazi na binamu. Juni wanakaa naye jikoni, wanamenya ndizi na kusikiliza habari za babu yao alipokuwa kijana. Mume wangu ndiye aliyepata tabu kuzoea, kwa sababu Krismasi kwao ni pia siku ya kuonyeshana nani amefika na gari gani. Hilo nalo ni tatizo la tarehe, ingawa yeye hakubaliani nami.

Mwaka wa kwenda Desemba, watoto hutangulia na shangazi yao mara shule zinapofungwa, kabla maofisi hayajaanza kutoa likizo. Tiketi ya kurudi tunakata kabla hatujaondoka Dar, kwani Januari magari yanayotoka Moshi ndiyo yanayojaa, na wengi hukumbuka hilo wakiwa tayari kijijini, fedha imekwisha. Ipo pia treni, iliyorejea njia ya Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Haiondoki kila siku na inalala njiani, kwa hiyo inamfaa asiye na haraka.

Idi ina ukorofi wa aina nyingine. Tarehe yake huwezi kuisogeza, ila yenyewe inasogea, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kuwa inafuata mwandamo wa mwezi. Mwaka 2025 tulisali Idi ya kufungua mwezi mwishoni mwa Machi. Ukipiga hesabu utaona kwamba kufikia 2030 Ramadhani itaanza mwanzoni mwa Januari, mwezi wa ada, viatu vya shule na madaftari. Asiyejiandaa sasa atafuturu na barua ya mkopo mkononi.

Kwa Idi dawa yangu ni kibubu, kile cha mbao kinachouzwa barabarani, kisicho na ufunguo. Kinakaa juu ya kabati, na sharti lake ni moja: kinaingia sarafu tu, za 200 na za 500, zile chenji za dukani na za daladala ambazo vinginevyo hupotelea kwenye pochi. Mnajua kwa nini sarafu? Asubuhi ya Idi watoto wa mtaa mzima wanapita mlango kwa mlango, "Mama, nipe sikukuu yangu," na huwezi kumwambia mtoto aliyevaa kanzu mpya asubiri ukavunje noti. Tukishavunja kibubu usiku wa kuamkia Idi, sarafu za wageni wadogo ziko tayari na zinazobaki zinalipa kuku. Noti nikiruhusu, najua mume wangu atakitingisha kila mwisho wa mwezi.

Idi ya kuchinja ni ya kuchangia. Dini inaruhusu ng'ombe mmoja achinjwe kwa ajili ya watu saba, wakati mbuzi ni wa mtu mmoja. Kaka zangu na majirani wanakusanyana mapema, wanakwenda mnada wa Pugu kabla ya wiki ya mwisho, na gharama ya gari na ya mchinjaji wanagawana. Nyama inayofika kila nyumba, hata baada ya kutoa sehemu ya maskini na ya jamaa, inatosha. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa akihangaika na mbuzi wake mwembamba.

Sasa zawadi. Hapa ndipo tulipojitia kitanzi wenyewe. Harusi moja ya Dar ina mchango wa kamati, mchango wa sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi), kicheni pati (ya wanawake kumpa vyombo vya nyumba), sare na zawadi yenyewe juu yake. Kwenye mchango ushauri wangu ni mfupi: ahidi kidogo, lipa mapema. Mweka hazina anampenda aliyelipa 50,000 mwezi wa kwanza kuliko aliyeahidi laki mbili na simu hapokei. Kuhusu sare, wanawake wa ukoo wetu tulikubaliana kununua jora zima la kitenge kwa bei ya jumla na kugawana, na kitenge hicho kinavaliwa shughuli zote kwa miaka miwili. Wifi mmoja alilalamika kwamba picha zitafanana. Zifanane.

Zawadi ya kicheni pati tunatoa kwa pamoja, watu watano au sita kitu kimoja kizito. Mdogo wangu alitoka kwenye kicheni pati yake na hotpoti na seti za glasi hadi akakosa pa kuziweka, lakini chai ya kwanza kwenye nyumba yake mpya alichemsha kwenye jiko la kuazima. Wakati mwingine sitoi siku ile kabisa. Nasubiri mwezi mmoja au miwili, nakwenda kuwaamkia maharusi, nakaa, nanywa chai, naangalia. Kama hawana pazia chumbani, hiyo ndiyo zawadi yangu. Mbele ya MC zawadi ndogo inaaibika. Ikija na mgeni siku ya kawaida, inapokewa kwa mikono miwili na mwenye kutoa anaombewa dua.

Kwa wazazi walio mbali, nimeacha kutuma vitu kwa basi, kwa kuwa ada ya kifurushi ilikuwa inakaribia thamani ya kifurushi. Mama yangu Tanga namnunulia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Namba ya mita yake ninayo kwenye simu, nalipia, tokeni namtumia kwa ujumbe, mjukuu anaingiza. Baba mdogo, ambaye anajiona bado kijana, alisema hiyo si zawadi ni bili. Mama alimjibu kwamba tangu aanze kupewa hiyo bili hajalala giza. Kanga bado nampelekea, doti moja, lakini naenda nayo mwenyewe nikisafiri.

Siku za kuzaliwa za watoto nina la kusema zaidi, maana keki za siku hizi zinauzwa kwa ajili ya picha. Watoto wangu wawili wamezaliwa miezi inayofuatana, kwa hiyo sherehe ni moja, Jumapili ya katikati. Mkubwa alinuna mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akagundua kwamba wageni wa mdogo wake nao wanaleta zawadi.

Keki naoka kwenye jiko la mkaa kama tulivyofundishwa Tanga. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, unene wa vidole viwili, uweke jikoni upate moto. Unga wa ngano, siagi, sukari, mayai, hiliki iliyotwangwa, na ndizi mbivu mbili kama zipo, maana ndizi zinapunguza sukari na mayai. Mimina kwenye sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa unga, iweke juu ya mchanga, funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa usio na mashimo. Halafu hamisha makaa: mengi juu ya mfuniko, chini bakiza machache tu. Wengi hupalia moto chini na keki inatoka nyeusi kitako, mbichi kifuani. Harufu ya hiliki ikifika sebuleni usikimbilie kufunua, mvuke ukitoka keki inabonyea. Subiri kidogo, funua kwa uangalifu majivu yasiingie, choma katikati kwa njiti safi ya ufagio wa chelewa. Ikitoka kavu, epua. Juu yake paka jamu na upange karanga za kukaanga kwa herufi za jina la mtoto. Watoto wakishiriki kupanga herufi, hakuna anayeuliza habari ya keki ya dukani.

Matembezi sina mengi, kwa sababu Dar ina vingi vya bure au vya bei ndogo. Pantoni ya kwenda Kigamboni ni shilingi 200, na kwa mtoto wa Tabata kuona meli kubwa zikiingia bandarini kutoka juu ya maji ni safari kamili. Hoteli nyingi za ufukweni hazikubali chakula cha nje, kwa hiyo ulizeni getini kabla ya kulipa kiingilio. La sivyo mtanunua chipsi kwa bei ya kuku. Coco Beach haina geti, na mihogo yake ya kukaanga na pilipili ndiyo chakula cha mchana. Nendeni asubuhi, kabla mabembea na majumba ya kuruka hayajafunguliwa, maana fedha ya matembezi huishia pale. Maonyesho ya biashara ya Saba Saba huanza Juni 28 na kumalizika Julai 13. Sisi huenda katikati ya wiki siku za mwanzo, kabla ya tarehe 7 yenyewe, siku ambayo unalipa kuona migongo ya watu.

Treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Tulikwenda asubuhi, tukarudi jioni, treni yenyewe ndiyo matembezi. Angalizo moja: stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo tengeni nauli ya kuingia mjini. Wanaofikiria hifadhi ya wanyama ya Mikumi wajue kwamba kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni anayelipa kwa dola. Ghali ni gari, kwa hiyo tafuteni familia mbili tatu mkodi basi dogo moja la Coaster, na ndizi za kuchemsha mtoke nazo nyumbani.

Mbuzi wa mama mkwe naye tumemtafutia njia. Mwaka tusiokwenda, tulikuwa tukituma fedha Desemba, na Desemba mbuzi wa Rombo anajua thamani yake. Sasa fedha inatumwa mwezi wa nane. Shemeji ananunua mbuzi angali mdogo, anamfunga zizini kwa mama mkwe, analishwa majani ya migomba na maganda ya ndizi hadi sikukuu. Mara ya mwisho, ilipofika Desemba mama mkwe alikuwa amemzoea mno akakataa achinjwe, ikabidi wapigiane simu na mjomba wabadilishane, wa kwake achinjwe na wa mama abaki. Zamu ijayo tumemwambia shemeji amfunge kwa mjomba tangu mwanzo.