Gundi isiyobanduka: maswali yenu ya mezani

Safari hii mmeuliza sana kuhusu Sovereign Glue, ile gundi nyeupe ya kichawi katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons inayoshikanisha vitu viwili milele. Najibu kwa kanuni za toleo la tano, kitabu cha 2014.

Kama inanasa kila kitu, mbona haigandi kwenye chupa yake?

Chupa hupakwa ndani mafuta ya utelezi, Oil of Slipperiness. Ukiipata unarusha dadu ya pande sita na kuongeza moja, kwa hiyo utakuta aunsi 2 hadi 7. Aunsi moja inatosha eneo la futi moja ya mraba. Mchezaji akiniambia anamimina kidogo kwenye kibuyu chake bila kutaja mafuta, namuuliza mara moja tu kama ana uhakika.

Kaka, tulikuwa tunapigana na jitu, nikalipaka gundi nyayoni. Mwendesha mchezo akakataa. Kanionea?

Hajakuonea. Gundi hushika baada ya dakika moja, na raundi ya mapigano ni sekunde sita. Hizo ni raundi kumi! Mezani kwetu mapigano hayafiki hata ya tano. Jitu lisimame tu likusubiri? Tena kanuni inataja vitu, haitaji viumbe. Ukibisha kwamba kiatu cha jitu ni kitu nitakukubalia, lakini ile dakika bado unadaiwa.

Hii ni gundi ya wanaopanga mapema. Ingieni kambini usiku walinzi wamelala, pakeni panga zao na kuzirudisha alani, kisha shambulieni alfajiri. Au gundisheni kifuniko cha sanduku la funguo. Aunsi moja iliyotumika hivyo inashinda chupa nzima iliyomwagwa vitani kwa papara.

Mimi ndiye mwendesha mchezo. Wachezaji wamegundisha mlango wa ngome na jemadari wangu yuko ndani. Atatokaje?

Kwa kanuni, kinachoiachanisha ni Universal Solvent (kiyeyusha gundi), Oil of Etherealness (mafuta ya kichawi ya kumgeuza mtu kama mzuka) au Wish, uchawi wa kutimiza ombo lako. Lakini kisichovunjika ni pale vilipogandana tu. Ubao wenyewe bado ni ubao. Jemadari achukue shoka aupasue mlango katikati. Kitabu hakijaandika hivyo, huo ni uamuzi wangu. Ila asitoke haraka: wenzako wametumia mali ya thamani, waache wafaidi muda wa kukimbia.

Unato wa Mimic, lile dude linalojigeuza sanduku, ni gundi hii hii?

Hapana. Ukinaswa na Mimic unajinasua kwa dadu, jumla ikifika 13. Universal Solvent huyeyusha gundi yoyote inayoigusa, kwa hiyo ningeikubali hapo pia, ingawa ni israfu ya kusikitisha.

Inauzwaje?

Toleo la 3.5 liliandika vipande 2,400 vya dhahabu kwa aunsi. Kitabu cha 2014 kimeiweka daraja la legendary, yaani vitu adimu mno, ambalo bei zake zinaanzia juu ya 50,000. Muuzaji akikutajia bei ya zamani, nusa kwanza. Universal Solvent nayo ina rangi ya maziwa, ila inanuka pombe kali.