Nimeitwa mdaiwa, nami sina deni la mtu

SWALI: Shikamoo Bibi. Nakaanga samaki hapa Ngamiani, Tanga. Mume wangu kafungua shauri la talaka Mahakama ya Mwanzo. Nimeletewa hati ya wito, nimeandikwa "mdaiwa". Sijamkopa hata shilingi. Mabati ya nyumba yetu ya Pongwe nilinunua mimi! Je, nitafungwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hufungwi. Aliyetangulia kupeleka shauri ndiye mdai, anayeitwa kujibu ni mdaiwa, wala haina maana kwamba una kosa. Katika mahakama za juu utasikia mwombaji na mjibu maombi. Likifika rufani, anayekata ni mrufani, hata akiwa ni wewe.

Kinachoniuma ni wanawake wanaoliogopa jina hilo hadi hawaendi, shauri likasikilizwa upande mmoja. Nenda, mama! Na uulize mapema kama mlipita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida, haipokei shauri la talaka kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Mdaiwa naye anaruhusiwa kudai: matunzo ya watoto, mgawanyo wa mali. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, japo rufani ya Bi Hawa mwenyewe ilishindwa. Wewe una zaidi: una mabati. Tafuta risiti, na jirani wa Pongwe aliyeyaona yakishushwa mwombe aje kutoa ushahidi.