Taa zinazowaka zenyewe mchana

Kaka, umeuliza kwa nini taa za Toyota Harrier yako zinawaka zenyewe mchana. Gari lako halina tatizo. Angalia mkono wa indiketa, ile ncha unayozungusha. Naamini imekaa kwenye AUTO, yaani gari lenyewe ndilo linaamua lini liwashe taa. Izungushe mpaka OFF, taa zitazima. Ukitaka ziwake muda wote, ipeleke kwenye alama ya taa kubwa.

Ila kabla hujazima, tazama juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Kuna kidude cheusi cha mviringo, kama kifungo cha koti. Hiyo ndiyo sensa ya mwanga. Umesema umeweka kizulia cha manyoya juu ya dashibodi. Kama kimeifunika, gari linadhani ni usiku, ndiyo maana taa zinawaka saa saba mchana jua likichoma. Mimi yalinikuta hayohayo, nikabadilisha relei (swichi ya umeme inayowasha taa) bure kabla ya kuinua kizulia.

Kwa gari jipya zaidi kutoka Japani ni habari nyingine. Kule tangu Aprili 2020 sheria inataka modeli mpya ziwe na taa za kujiwasha, na dereva asiweze kuzizima gari likiwa kwenye mwendo. Nyingi ukizungusha OFF, swichi inajirudisha yenyewe AUTO. Simama kwanza, ndipo uizungushe OFF na kuishikilia kidogo. Hilo linatosha ukifika getini usimmulike mlinzi machoni.

Usiku wa mvua usiiamini AUTO sana, washa mwenyewe.