Bamba la kukaangia uani: ukienda kununua, anza na unene

Wengi wanaojenga jiko la nje huanza na wavu wa nyama choma. Wavu unafaa sana kwa mbavu za mbuzi, mishikaki na samaki mzima, lakini nyumba yenye watu haili mbavu kila siku. Kuna chapati na mayai asubuhi, kuna vitunguu, hoho, vipande vya ini, ndizi mbivu, kamba wadogo. Weka hivyo kwenye wavu uone: nusu inaangukia kwenye makaa, nusu inaungua kabla ya kuiva. Kazi hiyo inataka bamba la chuma, tawa kubwa bapa la kukalia juu ya moto. Mimi napikia uani, Kigamboni, na nikiambiwa nichague kimoja tu, wavu nitaugawa na bamba nitabaki nalo.

Anayetaka kununua huuliza kwanza ukubwa. Mimi namuuliza unene. Chuma chembamba hupata moto upesi na kuupoteza upesi. Ukimwaga nyama juu yake, joto linashuka papo hapo, nyama inatoa maji, na maji hayo yakishatapakaa joto chini ya nyama halipiti sana nyuzi 100. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita majirani huanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo nyama yako inachemka, haikaangiki, hata moto uwe mkali vipi. Chuma kinene kimeshajaa joto, kinalitoa polepole, na nyama baridi haikitikisi.

Tena chembamba hupinda. Bati la mili 2 au 3 likishika moto katikati huinuka au kubonyea, mafuta yanakimbilia upande mmoja, yai linateleza hadi pembeni, na chapati inaungua duara moja huku pengine ni mbichi. Nenda Forodhani, Unguja, jioni, uangalie tawa za wauza Zanzibar pizza, au tazama mabamba ya wakaanga rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, wa Kampala. Wale wanapika saa nyingi mfululizo juu ya mkaa, na hutawakuta na kibati.

Kwa nyumba ya kawaida nashauri mili 6. Bamba la sentimita 60 kwa 40 la mili 6 lina uzito wa kilo 11 hivi. Mtu mmoja analibeba. Mili 10 kwa vipimo hivyohivyo ni karibu kilo 19, na hilo ukishaliweka jikoni limekaa hapo. Kama unapikia shughuli au biashara, mili 8 hadi 10 ni sawa. Chini ya mili 5 usinunue, hata bei iwe ya kushawishi. Nenda na futi, upime ukingo mwenyewe.

Kuhusu aina ya chuma sitazunguka. Chuma cheusi cha kawaida, kile mafundi wanachokatia mageti, kinatosha kabisa. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kizuri na kinatunza joto, ila ni kizito, na ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto kinaweza kupasuka. Stenlesi inang'aa dukani, haishiki kutu, lakini inasafirisha joto kwa kama theluthi tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo pale penye kaa chini panaungua na pembeni pamepoa. Aluminiamu inasambaza joto vizuri kuliko vyote, nayo kwa chapati kwenye gesi haina ubaya. Kwenye mkaa unaopepewa, hapana. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, na kaa jekundu lenye upepo linaweza kufika huko na kupita. Vyombo vya kutoshika chakula viache ndani, kwa sababu utando ule huanza kuharibika moto ukipita nyuzi 260. Na bati la mabomba au la paa, lile lililopakwa zinki, usilipikie kamwe. Zinki ikiungua hutoa moshi unaomlaza mtu na homa. Pipa la zamani pia nalikataa, maana huwezi kujua lilibeba nini.

Ukubwa sasa. Bamba lisizibe jiko. Mkaa unahitaji kupumua, na ukiufunika wote unafifia, unajaza moshi, kisha unaanza kulaumu mkaa. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kila upande, na kati ya makaa na chuma ziwepo 10 hivi.

Kwa gesi, naomba hapa unisikilize vizuri. Ile mitungi ya kilo 6 yenye jiko lililofungwa juu yake haikutengenezewa bamba pana. Chuma kipana hurudisha joto chini, na chini hapo ndipo kuna valvu na mtungi wenyewe. Sufuria ndogo joto lake linapanda pembeni na kuondoka, bamba linalifunika. Nimewahi kumkuta mtu uani anakaanga hivyo, watoto wamezunguka, nikagusa ubavu wa mtungi nikamwambia azime. Ukitaka bamba kwa gesi, weka jiko la peke yake lenye miguu, mtungi ukae mbali kwa urefu wa mpira, na usikae chini ya bamba. Majiko ya mezani yenye kioo juu nayo yaepuke, kioo kinaweza kupasuka.

Dukani utapata machache ya kufaa, kwa hiyo mimi naona heri kwa fundi. Dar kuna Gerezani, Nairobi kuna Kamukunji, na kila mji una fundi wa kuchomelea barabarani. Mwambie vipimo, mwambie unene, kisha mwambie ainue ukingo wa sentimita 3 hadi 4 pande tatu, upande wa mbele auache wazi au atoboe tundu la mafuta kwenye kona moja. Achomelee kwa vipandepande, kidogo huku kidogo kule, apumzishe; akivuta mstari mmoja mrefu bamba litapinda kabla hujafika nalo nyumbani. Pembe za ndani azisage kwa grinda ziwe laini, maana mabaki ya chakula hujificha humo.

Halafu usiondoke. Kazi ikiisha, mkono wa fundi unakwenda kwenye kopo la rangi wenyewe.

"Mama, nikupigie red oksaidi isishike kutu?"

"Hapana fundi. Hiki cha kupikia. Kiache hivyohivyo."

Mguu wa jiko apake. Bamba lenyewe, juu na chini, lisiguswe na rangi.

Chuma kipya huwa na gamba la rangi ya bluu-nyeusi kutoka kiwandani. Gamba hilo hubanduka baadaye kwenye chakula, kwa hiyo liondoe mapema: fundi akupitishie diski ya msasa, au ulaze bamba na siki usiku kucha, kisha usugue, uoshe kwa sabuni na ukaushe motoni. Likiwa na joto, paka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, halafu yafute kama vile umekosea kuyapaka. Watu huharibu hapa. Mafuta yakiwa mengi yanakuwa gundi inayonata. Utando uwe mwembamba sana. Moshi ukiisha, paka tena, futa tena, mara kadhaa, mpaka chuma kigeuke rangi ya kahawia iliyokolea kisha nyeusi. Kupika kwanza vitu vya mafuta, vitunguu na vipande vya nyama yenye shahamu, kunalizoesha vizuri zaidi. Nyanya, ndimu na ukwaju subiri, asidi hula utando mchanga.

Siku ya kupika, liache lipate moto dakika 10 hadi 15. Nyunyiza tone la maji: likitulia na kuchemka, bado, likijikusanya na kukimbia juu ya chuma, umefika kwenye moto wa nyama. Kwa chapati na mayai punguza, maji yachemke na kukauka mara moja tu. Makaa nayo usiyatandaze sawa. Yarundike upande mmoja, ili upande wa pili uwe mahali pa kuweka vilivyoiva vibaki na joto huku ukiendelea na vingine.

Ukimaliza, kwangua kwa mwiko wa chuma bamba likiwa bado la moto, mimina maji ya uvuguvugu kidogo, futa, rudisha motoni likauke kabisa, paka mafuta. Sisi wa pwani hewa ya chumvi haitusubiri. Bamba likiachwa uani na unyevu usiku mmoja, asubuhi lina kutu. Kutu hiyo ikitokea usitupe chuma, sugua na upake upya. Msimu wa masika mimi naliingiza ndani, nalisimamisha ukutani juu ya kipande cha ubao, bila kulifunga kwenye nailoni.