Kichuguu hakijawahi kuwa kitu kidogo

SWALI: Gazetini nimesoma kwamba mbunge fulani "anatengeneza mlima kutoka kwenye kichuguu". Je, hicho ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Sarufi inapita. Kosa liko shambani. Msemo huo, wa kumsema anayekuza jambo dogo, umetafsiriwa kutoka Kiingereza, na Waingereza hawakutaja kichuguu, walitaja kifusi cha fuko (molehill). Fuko wa kwao hula minyoo, na udongo anaousukuma juu ni tifutifu, haufiki hata goti. Unaufumua kwa ncha ya kiatu. Mtafsiri wetu kakosa neno, kaokota kichuguu. Kichuguu! Mchwa wamekijenga kikakauka kama saruji, mara nyingi kinampita mtu kimo, jembe likikigonga linadunda, trekta linakizunguka, na wafyatua matofali wanakigombania kwa udongo wake. Nyoka nao hupanga humo. Mwenye kichuguu katikati ya mahindi yake ana shida ya kweli. Mwambie ni jambo dogo, akukabidhi sururu.

Asili yake? Mwaka 1548 Mwingereza Nicholas Udall, akimtafsiri Erasmus, mwanazuoni wa Kiholanzi, aliandika mifano miwili kwa pamoja: kumgeuza inzi ndovu, na kifusi cha fuko mlima. Ndovu alitoka kwa Wagiriki wa kale. Waingereza walishikamana na mlima, bila shaka kwa kuwa kwao maneno hayo mawili, mountain na molehill, huanza kwa sauti moja. Kwetu hata utamu huo haupo.

"Dhoruba ndani ya kikombe cha chai", nayo ya Kiingereza na yenye maana hiyohiyo, nimechoka kuikemea, aitumiaye aitumie. Ila kama ni lazima kukopa, Cicero, msemaji wa Roma ya kale, alishamsema mtu mmoja kwamba anachafua mawimbi ndani ya upawa. Upawa angalau tunao jikoni.

Tusemeje basi? Anayeongeza maneno anatia chumvi, au anapiga chuku (chuku ni pembe ya kuumikia, na ngozi chini yake huvimba). Anayelipatia jambo uzito lisilo nao analikuza. "Mbunge anakuza mambo." Maneno matatu, hakuna fuko wala mchwa. Lakini anayeruka na kupiga mayowe kabla hajajua kuna nini, huyo msimwambie anatia chumvi, maana hajasema uongo wowote. Anapaparika, basi.

Ama hiyo "amejibu kupita kiasi", tafsiri ya overreact ya Kiingereza, anayobandikwa siku hizi hata mtu aliyekaa kimya analia: nani alimuuliza swali?